Kinyonga wa Chai ya Kanisa

Enzi zetu mtoto hakuchagua cha kuogopa. Alipangiwa. Fisi aliogopwa kwa sababu ya ndama, bundi kwa sababu ya msiba, na mwalimu mkuu kwa sababu alikuwa mwalimu mkuu. Lakini kule kwetu juu ya Kimulot, ambako chai inapanda mlima mpaka inagusana na msitu wa Mau, aliyeongoza orodha hiyo alikuwa mnyama asiyezidi kiganja cha mtu mzima, asiye na sumu wala mbio. Alikuwa kinyonga. Baba zetu waliojisifu kufukuza chui kwa rungu wakimwona kinyonga kwenye chai waliweka kikapu chini na kukumbuka kwamba wana shughuli nyumbani.

Tuliambiwa akikushika hakuachi mpaka radi ipige. Kwetu radi hupiga karibu kila alasiri, kwa hivyo ungedhani hilo lingetupa matumaini kidogo, lakini wapi. Tuliambiwa akikutemea mate hutazaa, na mimi nikiwa na miaka kumi nikawa na wasiwasi mkubwa juu ya wajukuu wangu. Tuliambiwa hapigwi kwa fimbo, maana hasira yake inapanda na fimbo mpaka mkononi. Njia ya kummaliza ilikuwa moja tu: unamwekea ugoro mdomoni kwa ncha ya kijiti kirefu, kisha unasimama mbali na kumtazama akipita rangi zote mpaka anakuwa mweusi na kuanguka. Wavulana wa rika letu waliiita sayansi.

Msidhani tuliishi kwa hofu tu. Tuliteleza kwenye mteremko tukikalia magunia ya mbolea, tukarudi nyumbani na sketi zenye madirisha. Tulicheza kati, wawili wakirusha na wa katikati akikwepa, kwa mpira wa makaratasi ya nailoni mpaka mvua ya mawe itutawanye, halafu tukaokota yale mawe na kuyatafuna. Asubuhi tulichuma chai kwanza ndipo tukaenda shule, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu, na mwalimu wa zamu akatuchapa kwa uchafu huku akingoja chai yake ya saa nne. Jioni kulikuwa na ugali na isagek, ile mboga chungu iliyochemshwa na kulazwa kwenye maziwa, na mursik, maziwa yetu ya mgando, iliyomiminwa kutoka kibuyuni ikiwa na madoadoa ya mkaa. Watoto wa siku hizi ukiwapa mursik wanatafuta kwanza tarehe ya kuisha.

Kanisa letu lilikuwa na nusu ya paa. Nusu nyingine tuliiamini tu. Ili kulimalizia, waumini walipanda chai nyuma ya jengo, na kila Jumamosi kikundi kimoja kilichuma kwa zamu. Tuliiita chai ya kanisa. Kwa maneno ya Mchungaji, sote tulichuma. Kwa macho ya kawaida, akina mama na watoto walichuma, na wazee wa kanisa walisimama mwisho wa mstari, mikono nyuma, wakihakikisha tunachukua majani mawili na chipukizi, si zaidi.

Mimi nilikwenda na Kogo. Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, na wangu aliitwa Tapkigen. Alinilea yeye, kwa sababu mama alikuwa kibarua kwenye mashamba makubwa ya Kericho na alirudi mwisho wa mwezi. Alikuwa mfupi, mkavu, na alivaa gamubuti za marehemu babu ambazo zilitembea kidogo kabla yeye hajaanza kutembea. Hakujua kusoma na hakuwa na cheo chochote. Lakini kanisani alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko vyote alivyokuwa navyo, nayo ni kuosha vikombe vya meza ya Bwana.

Vilikuwa vikombe vidogo vya glasi, na kile kilichoingia humo hakingemtosha panya. Jumamosi baada ya kuchuma, Kogo aliviosha kwa maji ya mvua, akavipangusa kimoja kimoja kwa kitambaa cheupe ambacho mimi sikuruhusiwa hata kukipumulia, akavipanga kwenye sinia. Siku ya pili kila mtu aliyekunywa, Mchungaji akiwemo, alikunywa kilichopita mikononi mwake. Alilijua hilo, na alikaa wima sana Jumapili hizo.

Na huyu Kogo wangu hakumwogopa kinyonga. Akitokea mmoja juu ya meza ya chai, yaani pale juu ambapo mimea yote imelingana, Kogo aliweka mkono wake mtupu mbele yake na kungoja. Kungoja ndiko kulikokuwa na kazi. Kinyonga alinyoosha mguu, akafikiri, akaurudisha, akafikiri tena, na Kogo akasimama pale kana kwamba lori la kiwanda la kubebea majani halipo duniani. Akishapanda, alimpeleka kwenye ua wa miti kando ya shamba na kurudi kuchuma.

Nilimuuliza mbona haogopi. Alinijibu kwa Kikipsigis, na nitayaweka maneno yake kama nilivyoyahifadhi. "Hapa palikuwa msitu. Baba yangu aliukata. Huyu hakuwa na panga na hakuwa na pa kwenda, akapanda kwenye chai. Mungu amenipa kazi ya kuchuma. Hajaniambia nimpunguzie viumbe vyake."

Siku moja akaniambia ninyooshe mkono. Nilifumba macho na kuagana kimoyomoyo na wajukuu wangu. Kisha nikahisi vidole vyembamba vikinishika, kidogo tu, kama mtoto mchanga anavyoshika kidole cha mama yake. Nilipofumbua macho alikuwa pale, baridi, mwepesi, na kishungi kichwani kama kofia ya askari. Jicho moja lilinitazama na lingine likaendelea na mambo yake. Radi ikanguruma mbali upande wa Sotik, na wala hakushtuka. Tangu siku hiyo nilimshika kila Jumamosi ya zamu yetu, kwa mikono miwili, na sikumwambia mtu. Nilimpenda. Sijui niliseme vipi tena.

Balaa lilianza katika zamu ya kikundi kingine. Mama mmoja aliingiza mkono kwenye chai bila kutazama, akamgusa. Wanawake kumi na watano walitimua mbio wakaacha vikapu, na mmoja wao, ambaye alikuwa na mimba ya miezi saba, aliruka ua ambao mpaka leo hakuna anayeelewa aliurukaje. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyefika isipokuwa Kogo na mimi. Na chai haina subira. Ukiiacha wiki mbili inakomaa, na karani wa kituo cha kununulia chai anaitazama mara moja tu na kukwambia uirudishe kwa ng'ombe. Paa la kanisa likawa mashakani kwa ajili ya mnyama mwenye uzito wa yai.

Mchungaji wetu alitoka kule chini ziwani. Alikuwa mtu mwema, na naamini angemkabili kiboko kwa maombi, lakini mambo ya kinyonga hakufundishwa chuoni. Akatangaza siku tatu za kufunga na kuomba ili kinyonga aondoke kwenye shamba la Bwana. Tulifunga. Jumamosi asubuhi tukaandamana kwa nyimbo mpaka shambani, matumbo yakiimba sauti ya pili. Na pale, kwenye mche ule ule alikoguswa, kinyonga alikuwepo, na kumzunguka kwenye majani walikuwa wametapakaa vitoto vyake, vimetoka tumboni asubuhi hiyo, kila kimoja hakifikii kidole changu kidogo. Vinyonga wa milima yetu hawatagi mayai, wanazaa. Siku zote tatu tulizomwombea aondoke, alikuwa na mimba.

Kogo akacheka.

"Kumbe na yeye alikuwa anaomba," alisema, kwa Kiswahili, ili Mchungaji naye asikie.

Hapo ndipo alipoharibu. Kinyonga pengine angesamehewa, lakini kicheko kile hakikusameheka. Aliyekishika zaidi moyoni alikuwa Mzee arap Langat, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mrefu aliyevaa koti zito jua lije mvua ije. Ndiye aliyesimama mlangoni Jumapili ya meza ya Bwana akinusa pumzi za watu, kutafuta pombe ya busaa na tumbaku, maana kanisa letu lilipiga marufuku vyote viwili. Vijana wawili aliwahi kuwatenga kwa harufu tu.

Jumapili ile baada ya ibada, Kogo aliitwa mbele ya wazee. Mlango ulikuwa wazi, na nusu ya waumini ilibaki kwa kisingizio cha mvua. Mambo yalisemwa kwa Kiswahili kwa ajili ya Mchungaji.

"Mama," Mzee arap Langat akaanza, "watu wameona wewe unashika hiyo kitu na mkono."

"Wameona vizuri," Kogo akasema.

"Na hiyo mkono ndio inaosha vikombe ya Bwana."

"Nanawa kwanza. Na sabuni."

Mtu alicheka nyuma, na Mchungaji akakohoa kumfunika.

"Hii si maneno ya sabuni. Hiyo mnyama ni ya shetani. Hata rangi yake haijulikani. Leo iko hivi, kesho iko vile."

"Hata wewe wakati ya kampeni," Kogo akasema.

Mchungaji aliingilia kati haraka. Alimpenda Kogo, nadhani. "Mama, sema tu ulikosea. Tutaomba pamoja, iishe, na vikombe ubaki nazo."

Kogo alifikiri. Nilimwona akiangalia sinia lililokuwa juu ya meza, na nikajua anavitaka vile vikombe kuliko alivyowahi kutaka ng'ombe. "Nilikosea nani, Pasta?" akasema. "Mungu alitengeneza huyu, akatengeneza na mimi, akatuweka shamba moja. Mimi namtoa pole pole ndio nichume. Kama kuna mtu hapa Mungu alimwambia huyu ni wa kuua, asimame."

Hakuna aliyesimama. Mvua iligonga ile nusu ya paa.

Ndipo Mzee arap Langat akanitazama mimi. "Na huyu mtoto? Chebet, Kogo yako amekufundisha kushika hiyo kitu? Wewe umeshika?"

Lazima mjue kwamba mwezi huo nilikuwa nimechaguliwa kuwa malaika kwenye igizo la Krismasi. Si malaika wa nyuma anayepunga mikono, la, malaika mwenyewe anayesema. Shuka la vazi langu lilikuwa limeshakatwa. Niliangalia wazee, nikaangalia Mchungaji, sikumwangalia Kogo.

"Hapana," nikasema. "Sijawahi. Mimi naogopa."

"Mnaona," Mzee arap Langat akasema. "Hata mtoto anajua."

Kogo angeweza kusema neno moja tu. Hakulisema. Alinitazama kidogo, bila hasira, kisha akatoa mfukoni kile kitambaa cheupe, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya sinia. Alitengwa na meza ya Bwana mpaka atubu. Jina lake likapigwa mstari kwenye daftari.

Jumanne wazee wakaenda kummaliza kinyonga na ukoo wake. Sisi watoto tulikuwa juu ya miti ya ua, mahali pazuri kabisa. Fimbo haikufaa, kwa sababu mlizosikia. Mchungaji akaelezwa kwamba kinachotakiwa ni ugoro, akauliza ugoro uko wapi. Wazee wanane wa kanisa lililokataza tumbaku wakaanza kutazama mawingu.

"Kwa kuwa ni kazi ya Bwana," Mchungaji akasema, "kama kuna mtu anajua mahali karibu inaweza patikana."

Kisha mkono wa Mzee arap Langat ukaingia ndani ya lile koti bila kumshauri mwenyewe. Ukatoka na kopo dogo la bati lililolainika kwa kushikwa, na kidole chake kikagonga kifuniko mara mbili, taratibu, kwa ustadi wa mtu aliyegonga kifuniko hicho miaka arobaini. Ndipo macho yake yalipoteremka na kuona mkono umefanya nini.

"Ni ya ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe gani?" Mchungaji akauliza. Hakuwa na ubaya, alitaka tu kujua.

Hakuna aliyethubutu kuligusa lile kopo, maana kulitumia kungekuwa kukiri kwamba lipo. Walikuwa wangali wamesimama hivyo Kogo alipofika na kikapu mgongoni. Haikuwa zamu yake. Alipita katikati yao, akaweka mkono mbele ya kinyonga, akangoja. Na wazee wote wanane wakangoja naye, kwa kuwa hawakuwa na jingine la kufanya. Alimpeleka mama kwenye ua, akarudi akachukua vitoto juu ya vijiti, kimoja baada ya kingine. Kisha akaanza kuchuma, kwa sababu chai ilikuwa imezidi.

Jumapili iliyofuata Mzee arap Langat alisimama mbele ya kanisa akatubu. Alilia vizuri. Aliimbiwa, akakumbatiwa, na siku hiyo hiyo akala meza ya Bwana. Haikufika hata dakika kumi. Mchungaji akamgeukia Kogo kwa matumaini, na Kogo akasema hana la kusema. Kwa hivyo yeye akabaki nje, na mwenye kopo akaingia ndani.

Miaka yote iliyofuata Kogo alikaa benchi la nyuma kabisa. Sinia lilipopita, lilimruka kana kwamba pale hapana mtu, na aliimba kwa sauti kubwa kupita kiasi ili watu wasimhurumie. Kila Jumamosi alichuma chai ya kanisa, iwe zamu yake isiwe yake, mpaka paa likakamilika. Mimi Krismasi ile nilivaa shuka langu, nikasimama juu ya kasha la soda, nikasema neno langu: "Msiogope." Kogo alipiga makofi kuliko wote. Hakuwahi kuniuliza kuhusu siku ile ya wazee, na mimi sikuwahi kumwambia. Nilingoja nikue. Alifariki nikiwa chuo cha ualimu, bado ametengwa, na wakamzika kwa sala fupi nyumbani.

Sasa nimepata wajukuu wanne, kwa hivyo yale ya mate yalikuwa uongo. Wajukuu hawa hawaogopi chochote ila simu kuishiwa na chaji. Chai ya kanisa inachumwa kwa mashine. Vijana wawili wanaishika huku na huku, na inanyoa kila kilicho juu ya meza, jani la pili na la kumi, na kama kuna kiumbe anafikiri aweke mguu wapi, haimngojei. Wanamaliza kabla ya saa nne, halafu wanashinda siku nzima wakilalamika kuchoka. Ua wa miti ulikatwa, tukajenga ukuta wa mawe wenye jina la kanisa. Hata meza ya Bwana siku hizi inakuja kwenye kikombe cha plastiki kilichofungwa kiwandani, mkate juu na divai chini. Unabandua, unakunywa, unatupa. Jumatatu utavikuta vimetapakaa chini ya chai, na hakuna wa kuviosha.

Lakini tumeerevuka. Mwaka huu tumekuwa na Jumapili ya Uumbaji, na hema, na fulana za kijani zenye picha ya kinyonga, tena kinyonga wa nchi nyingine, maana mkia wake na rangi zake mimi sizijui. Mgeni kutoka Nairobi alituhubiria kwamba Mungu ametukabidhi hata viumbe tunavyovichukia. Tulisema amina. Akauliza nani amemwona kinyonga shambani karibuni. Vijana walicheka, na sisi wazee tukaangalia chini, kwa sababu hatukumbuki ni lini.

Baada ya ibada nilikwenda kwa katibu wa kanisa. Siku hizi na mimi ni mzee wa kanisa, maana wamegundua kwamba wanawake nao wanaweza kusimama mikono nyuma. Nikamwomba arudishe jina la Tapkigen kwenye orodha ya washiriki. Ni kijana mzuri, ana kompyuta, na daftari la zamani alilitafuta kwa bidii mpaka akalipata. Alisoma ule mstari, akasoma sababu, akajikaza asicheke.

"Mama, utaratibu unataka barua ya toba," akasema. "Ya mhusika mwenyewe."

"Mhusika yuko kaburini."

"Basi iandikwe na mtu wa familia. Kwa niaba."

Nimekaa nayo wiki mbili. Ya Kogo imenishinda kuandika, kwa kuwa hata sasa hana la kusema. Nimeandika yangu, na kesho naipeleka. Ni fupi. Nimesema kwamba nilikuwa na miaka kumi, kwamba kinyonga nilimshika kwa mikono miwili kila Jumamosi ya zamu yetu, kwamba wazee waliponiuliza nilisema sijawahi. Naomba wanitenge mimi, na yeye wamrudishe.